Chumba Ambacho Sikukisikiliza

Asubuhi ile nilikuwa nimepiga magoti nyuma ya soko la Kitale, natafuta vali ya maji iliyofukiwa na watu wa barabara. Hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yangu. Watu wa barabara wanamwaga changarawe, wanashindilia, wanaenda zao. Halafu bomba linapasuka na hakuna anayejua pa kufungia maji. Basi naitwa mimi, Fundi Idi, na mashine yangu.

Mashine yenyewe ililetwa na mradi fulani wa maji. Mradi ukaisha, mashine ikabaki. Ilikuwa mpini mrefu wenye sahani chini, kisanduku cha betri juu, na hedifoni za kuvaa masikioni. Unapitisha sahani juu ya ardhi polepole, kama mtu anayefagia bila haraka, na penye chuma inalia. Kusikia kwamba inalia si kazi, mtu yeyote anasikia. Kazi ni kujua inalilia nini. Chuma kizito kinatoa sauti nene, iliyojaa, isiyokatika. Bati linatoa sauti nyembamba inayokatikakatika pembeni. Msumari ni kelele tu. Miaka sita nilikuwa nimesikiliza hizo takataka za chini, na naweza kusema bila kujisifu, au kwa kujisifu kidogo tu, kwamba nilikuwa sikosei.

Wafula alinikuta hapo. Wafula alikuwa mdogo wake mke wangu Nekesa, mwanamume wa miaka ishirini na kitu, mchuuzi wa maziwa. Alikuwa akiyakusanya kwa baiskeli kule kwao juu ya Sirisia, pale mashamba yanapoanza kupanda kuelekea mlimani. Siku hiyo alikuwa amekuja Kitale kununua tairi, akalitundika begani, akaninyang'anya hedifoni.

"Shemeji, hii kitu inasikia hata pesa?"

"Shilingi inasikia. Noti haisikii."

"Basi haina maana, bana." Alicheka mpaka wauza nyanya wakageuka. Halafu akasema, bila kicheko, "Mama anasema mkuje Krismasi tukule kuku. Kuku utachinja wewe mwenyewe, usiseme ni haramu. Lakini mkikuja, mkuje mchana. Kule kwetu si kuzuri siku hizi."

Nilimwambia tutakuja. Nikapata vali saa nne, kama futi mbili chini, nikaenda kunywa chai. Sikumwuliza si kuzuri vipi.

Lazima nieleze kuhusu mama yake. Kwa Wabukusu, mkwe wa kiume na mama mkwe hawapeani mikono. Hawali pamoja, hawakaziani macho, na chumba anacholala mama, mkwe hakanyagi. Mimi ni mtoto wa mjini. Nimezaliwa nyuma ya msikiti, baba ana damu ya makabila matatu na mama ana yake mawili, na kwetu mama mkwe unamshika mkono na kumtania. Mwanzoni niliona ni mchezo. Lakini ukweni hawakunipenda sana: Muislamu, mtu asiye na shamba wala ukoo unaoeleweka. Nikaamua kuishika ile mila kuliko wenyewe. Mama akija kwa njia hii, mimi nakatia migombani. Akikaa uani, naangalia ng'ombe.

"Shemeji, wewe umezidi," Wafula aliniambia siku moja. "Hata sisi wenyewe hatuendi hivyo."

Nilifurahi aliposema hivyo. Miaka minane ya ndoa na hakuna mtu wa Sirisia aliyeweza kusema mkwe wa mjini hana adabu. Waliotangulia walisema heshima si utumwa, na mimi niliisema sana methali hiyo, mpaka leo nikiisikia naona uchovu.

Vita vyenyewe sitaki kuvieleza kwa urefu. Wapo waliosoma watakaoeleza. Vilikuwa vya mashamba, nani amepimiwa na nani amefutwa, na vijana walioshika bunduki wakaingia msituni wakasema wanapigania watu wao. Halafu wakawageukia watu wao na jirani zao pamoja. Walichukua ng'ombe. Walikata watu masikio. Walichoma maboma. Familia zikashuka, nyingine Bungoma, nyingine kwetu Kitale, wakalala vibarazani mwa makanisa na uani mwa msikiti wetu. Hiyo Krismasi hatukwenda.

Niliwachotea maji wale watu, pipa kwa pipa, na hapo nikajifunza jambo ambalo lilikuja kunifaa na kunitesa. Kila aliyekimbia alikuwa amefukia kitu.

"Sasa mimi nitakimbia na sufuria ya harusi kichwani?" mama mmoja aliniambia, na mtoto mgongoni. "Nimeizika kwa mahindi. Nikirudi nitaifukua."

Jembe, sufuria, cherehani, mabati yaliyong'olewa paani. Mlima mzima ulikuwa umejaa chuma cha watu maskini.

Ndipo askari wa magwanda wakaja, na malori yao, kutafuta bunduki. Mashine zao zilikuwa chache na nyingine zimekufa. Afisa mmoja akafika ofisini kwetu akasema anaazima ya maji. Mkubwa wangu akasema chukueni, lakini mashine bila Fundi ni fimbo tu. Hakuniuliza.

Ningeweza kujifanya mgonjwa. Nekesa ndiye aliyesema niende. Alikuwa akikunja nguo, hakuinua uso.

"Wakifika kwa mama, afadhali uwe wewe," alisema. "Wafula yuko naye hapo. Amekataa kushuka, ati nani atakama ng'ombe. Idi, uniangalilie Wafula."

Kanuni yao ilikuwa rahisi. Wanaume wa kijiji wanakusanywa barabarani asubuhi, wanakaa chini mikono kichwani. Mashine inapita nyumba kwa nyumba. Nyumba ikiwa safi, mwanamume wake anarudishiwa kitambulisho na kuachwa. Ikiwa ina chuma kilichofichwa, anapandishwa lori kwenda kambini. Tulikuwa tumeshaona waliorudi kutoka kambini, na wengine hawakurudi. Kwa hiyo nilipanda mlima kwa ajili ya Wafula. Nataka hilo lieleweke kabla ya mengine.

Niliwekwa chini ya sajini mmoja, mtu wa mbali kabisa na mlima, mrefu, mwenye kikohozi. Siku ya kwanza mashine ililia kwenye shamba la mahindi na vijana wake wakaanza kurusha udongo.

"Ni sufuria, afande," nilisema.

"Unajuaje?"

"Sauti yake ni nyembamba."

Wakafukua sufuria. Ndani yake mlikuwa na vijiko, Biblia na taa ya kandili iliyofungwa kwa blanketi. Askari wakacheka, hata sajini akacheka akakohoa. Nyumba ya pili nikasema jembe, likatoka jembe. Nyumba ya tatu nikasema waya wa ua. Baada ya siku tatu sajini akawa anawaambia wenzake, "Fundi akisema sufuria ni sufuria. Msichimbe." Na mtu fulani barabarani anarudishiwa kitambulisho chake, hajui ni kwa nini, anaondoka haraka bila kuangalia nyuma.

Ilinipa kichwa kikubwa. Mbona nifiche? Nilijiona ninaokoa watu kwa masikio.

Wiki ya pili, katika zizi la ng'ombe, nikasikia sauti nene. Imejaa, haikatiki. Nilisimama pale, samadi imefika kwenye vifundo vya miguu, nikijua kwamba nikisema sufuria hawatachimba.

Sajini alikuwa ananiangalia.

"Hii ni chuma kizito, afande," nilisema.

Zilikuwa bunduki mbili ndani ya gunia, zimepakwa grisi. Mwenye zizi na ndugu zake wawili walipandishwa lori. Mama yao alilala kifudifudi mbele ya tairi, akaburutwa pembeni. Nilikuwa nimesema kweli, na labda bunduki zile zilikuwa zimeua watu, sijui. Lakini tangu siku hiyo chakula kilikuwa hakina ladha, na sajini akawa ananiamini kuliko alivyowaamini askari wake.

Ndivyo tulivyofika kwa kina Wafula.

Mvua ilikuwa imenyesha, njia ilikuwa tope jekundu. Wanaume wa kijiji walikuwa wamekaa barabarani safu tatu. Nilimwona Wafula safu ya kati, amevaa lile shati lake la kijani, mikono kichwani. Aliniona. Akainua nyusi kidogo, kama anasema, sawa, basi ni wewe. Nikaona mabega yake yamelegea. Alipumua, na mimi nikapumua pia.

Mama alikuwa uani, amekalishwa chini, akiambiwa asiseme neno. Alipojua ni mimi naingia, akajifunika leso na kugeuza uso kwenye ua, kama mila inavyotaka. Nami nikageuza wangu. Katikati ya bunduki, tukapeana heshima.

Nilipima ua wote. Mnyororo wa baiskeli. Misumari. Mkebe. Nilipima jiko, zizi, sebule, chumba cha Wafula. Hakuna kitu.

"Bado hicho," sajini akasema.

Kilikuwa chumba cha mama. Mlangoni palikuwa na pazia la maua mekundu.

Nilisimama.

Nyumba zaidi ya thelathini nilikuwa nimeingia vyumbani mwa watu, chini ya vitanda vya wazee, vya maharusi, vya wagonjwa. Wala sikufikiri. Hapa miguu ilikataa. Nikanyoosha mpini, nikapenyeza sahani chini ya pazia, nikafagia palepale kizingitini mara mbili.

"Hakuna kitu, afande."

"Mbona hukuingia?"

"Hakuna kitu."

"Nimekuuliza, mbona hukuingia?"

"Ni chumba cha mama mkwe wangu, afande. Kwetu hatuingii."

Nikaona uso wake unabadilika. Wiki zote hizo sikuwa nimemwambia kwamba hapa ni ukweni. Nilikuwa nimeogopa kuondolewa zamu. Sasa alinitazama kama mtu aliyekuta funza kwenye nyama aliyokwisha kula.

"Kumbe," alisema. "Kumbe una watu hapa."

Alichukua fimbo ya chuma kwa askari mmoja, akaingia mwenyewe. Nikasikia kitanda kinasukumwa. Nikasikia fimbo inazama kwenye udongo, mara ya kwanza, ya pili.

Mara ya tatu ikagonga.

"Kuna chuma!" akapaza sauti dirishani. "Wa hii nyumba, pandisha!"

Nikaingia. Sasa nikaingia, na pazia likabaki mkononi mwangu. Nikaweka sahani pale fimbo iliposimama, nikavaa hedifoni, na moyo wangu ulikuwa unapiga kwa nguvu hata nikashindwa kusikia vizuri. Nikajilazimisha.

Nyembamba. Inakatika pembeni.

"Ni bati, afande! Ni bati, wallahi! Si bunduki! Msimpandishe!"

"Sasa hivi ulisema hakuna kitu," sajini akasema. "Chimbeni."

Walichimba. Nilisikia lori likiwaka kule barabarani, likinguruma, likiteremka. Vijana walikuwa bado hawajafika magotini. Sanduku lilipotoka lilikuwa sanduku la shule, la bati, lenye kutu pembeni. Walilivunja kwa jembe. Ndani mlikuwa na hati ya shamba, cheti cha ubatizo cha Wafula na cha Nekesa, kofia ya marehemu baba yao, na picha moja ya harusi yangu.

Sajini aliishika ile hati muda mrefu. Alikohoa. Halafu akatoka uani akamwambia mama, "Pole, mama," na kwa redio yake akaita lori, akaita tena. Redio ilikuwa inakwaruza tu. Alinipa karatasi yenye sahihi yake ya kupeleka kambini.

Nilikwenda kwa miguu. Kambini walisoma karatasi, wakasema nije kesho. Kesho wakasema jina hilo halimo. Baada ya wiki moja wawili kati ya waliopandishwa pamoja naye waliachwa, mmoja hawezi kusimama. Waliniambia Wafula aliitwa asubuhi ya tatu, akatoka na viatu mkononi, na hakurudishwa. Hilo ndilo la mwisho ninalojua juu yake. Nimeuliza hospitali za Bungoma na Kitale, nimeuliza magereza, nimeuliza mpaka Suam, kwa wanaovuka mpaka. Nimeuliza mpaka watu wakinionea mbali wanatikisa kichwa kabla sijafungua mdomo.

Nekesa hakunilaumu. Nilimweleza kwamba sanduku lilikuwa limefichwa chumbani kwa mama, kwamba nilisema hakuna kitu, kwamba sajini hakuniamini. Yote hayo ni kweli. Kuhusu pazia nilinyamaza.

Miaka ikapita. Mlima ukatulia, watu wakarudi, sufuria zikafukuliwa. Wazee wa ukoo wakasema mtu asiyeonekana azikwe kwa mgomba: unakatwa, unafungwa shuka, unawekwa kaburini, kilio kinaliliwa, mambo yanakwisha. Mama alikataa. Alishuka mwenyewe mpaka Kitale, akasimama nje ya lango letu, akamtuma Nekesa aniulize kama mashine ya maji ingali hai.

"Amesikia kuna shamba chini ya pale palipokuwa kambi," Nekesa akasema. "Ati udongo uliguswa. Anasema Wafula hakuwa akitoka bila spana ya baiskeli mfukoni. Spana ni chuma."

Tulikwenda sisi wawili, mimi na mama. Lilikuwa shamba kama la ekari mbili, magugu matupu. Nilipima mistari kwa kamba kama tunavyopima bomba, na mama akanifuata kwa umbali wa mila, hatua kumi nyuma, amebeba kijembe. Nikisimama, anasimama. Mashine ikilia, najua ni nini kabla hajafika, lakini alichimba kila mahali. Mikebe ya nyama ya askari. Waya. Maganda ya risasi, mengi. Kifungo cha chuma cha mkanda, sauti nene kidogo, na tukachimba pale mpaka kiunoni wote wawili, na hapakuwa na mwenye mkanda.

Nilitaka kumwambia kwamba mfupa hauna sauti. Kama spana ilimtoka mfukoni kwenye lori, tunaweza kupita juu ya mtoto wake mara mia na mashine isiseme neno. Nilishindwa.

Siku ya tatu nilichoka. Nilikaa chini kwenye majani, nikavua hedifoni. Mama alikaa pale alipokuwa, ubavu kwangu, akiangalia mlima.

"Idi," alisema. Sikumbuki kama aliwahi kuniita jina. "Mimi sikukushukuru. Siku ile uliwadanganya askari kwa ajili yetu. Ulisikia sanduku langu ukasema hakuna kitu. Wakwe wengine wangeogopa. Mungu aliona."

Ningeweza kuiacha ipite. Ilikuwa shukrani, na nilikuwa nimekaa miaka mingi bila yoyote. Lakini nilikuwa nimechoka kuliko nilivyokuwa mwoga, nadhani ndivyo ilivyokuwa.

"Sikusikia sanduku, mama," nilisema. "Sikuingia. Nilisimama kwenye pazia. Ningeingia ningejua ni bati, ningewaambia ni sanduku, na wasingechimba. Walikuwa wananiamini. Sikuingia kwa sababu kilikuwa chumba chako."

Kule chini, upande wa Kabuchai, trekta la miwa lilikuwa linapanda kilima polepole, tukalisikia mpaka likaisha.

Halafu akageuka akaniangalia. Usoni, kabisa. Yalikuwa macho ya Wafula, yale yale, na sikuwa nimewahi kujua, kwa sababu sikuwa nimewahi kuyatazama.

"Lakini mimi nilikuwa hapo," alisema. "Nilikuwa hapo kwa ua, Idi. Si ungeniuliza?"

Alingoja kidogo. Halafu akashika kijembe, akainuka kwa shida, akaniambia nivae vile vitu vya masikioni tumalize mstari.